Namna ya kupima flavonoidi katika majani ya mlonge: kuanzia kuchuma hadi kuandika matokeo

Anayeandika kwenye lebo kwamba unga wake wa mlonge una flavonoidi (kemikali za asili za mimea za jamii ya fenoli) kwa wingi hana budi kuwa tayari kueleza ni flavonoidi zipi, zimepimwa kwa njia gani, na kiasi hicho kimehesabiwa kwa uzito wa majani mabichi, wa unga mkavu au wa dondoo lililokaushwa. Bila maelezo hayo namba yoyote inayotolewa haina maana, hata kama imetoka kwenye mashine ya bei kubwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa famasia au kemia, fundi wa maabara, na mzalishaji wa dawa za asili anayetaka kuelewa kinachofanyika pale anapopeleka sampuli yake kupimwa. Mmea uliochaguliwa ni mlonge, ambao wengine huuita mzunze, na ambao kwa wanasayansi ni Moringa oleifera, kwa sababu unapatikana kwa urahisi na kemia ya majani yake imechunguzwa vya kutosha.

Jua kwanza unachokitafuta

Flavonoidi za majani ya mlonge kwa sehemu kubwa ni za kundi la flavonoli, yaani kwersetini na kemferoli, na mara nyingi haziko peke yake bali zimeshikamana na sukari. Pamoja nazo yamo mengine ya jamii ya fenoli ambayo si flavonoidi, hasa asidi ya klorojeniki na ndugu zake. Jambo hili ndilo linaloamua njia ya kupima, na ndilo linalosahaulika zaidi, kwani wengi huchukua utaratibu uliotumika kwa mmea mwingine na kuufuata neno kwa neno.

Njia ya rangi inayotumiwa zaidi hutegemea kloridi ya alumini. Alumini hujishikiza kwenye molekuli ya flavonoidi kati ya oksijeni iliyo kwenye kaboni ya 4 na kundi la haidroksili lililo kwenye kaboni ya 3 au ya 5, na mshikamano huo hutoa rangi ya manjano ambayo kwa kwersetini hupimwa kwenye nanomita 415. Maana yake ni kwamba njia hii huona vizuri flavonoli na flavoni. Naringini na hesperidini, ambazo ni miongoni mwa flavonoidi kuu za jamii ya machungwa, hutoa rangi hafifu sana kwenye nanomita hizo, na katekini za chai hazina kabisa ile oksijeni ya kaboni ya 4, hivyo hazitaonekana kwa mshikamano huo. Mtu akipima maganda ya machungwa kwa njia hii atapata jibu dogo mno na kudhani kwamba mmea hauna kitu.

Ipo njia ya pili inayofanana nayo kwa jina, ambayo humwaga kwanza nitriti ya sodiamu, kisha kloridi ya alumini, kisha haidroksidi ya sodiamu, na kusoma rangi nyekundu kwenye nanomita 510. Rangi hiyo hutegemea molekuli kuwa na haidroksili mbili zilizo jirani kwenye pete moja. Asidi ya klorojeniki inazo na si flavonoidi. Kemferoli ni flavonoidi na haina hizo mbili jirani. Kwa mlonge, basi, njia hiyo huhesabu kisichotakiwa na kuacha sehemu ya kinachotakiwa. Naiona mara kwa mara ikitumika kwa mmea huu, na kwa maoni yangu haifai kwa kazi hiyo hata kidogo.

Kuchuma, kutambulisha na kukausha

Kabla ya kuchuma kilo za majani, chukua tawi moja lenye majani, na ikiwezekana maua au tumba, ulikaushe kwa kulibana kati ya magazeti na ulipeleke kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, ili mtaalamu wa mimea athibitishe jina na kukupa namba ya kielelezo. Hatua hii si urasimu. Kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia kuna mlonge wa aina nyingine, Moringa stenopetala, ambao katika majani yake rutini ndiyo flavonoidi inayotawala, na matokeo ya mmoja hayawezi kulinganishwa na ya mwingine kana kwamba ni mti uleule.

Andika tarehe, mahali, umri wa majani na kama yalichumwa kabla au baada ya mvua. Osha kwa maji safi, kung'uta, kisha tandaza majani kwa tabaka jembamba kivulini penye hewa, au kwenye oveni yenye nyuzijoto 40. Usiyaanike juani na usiyarundike yakiwa mabichi, kwa sababu jani lililopondeka huendelea kufanya kazi ndani yake, na vimeng'enya vyake huoksidisha fenoli hadi unga unapata rangi ya kahawia. Yakishakauka kiasi cha kuvunjika kwa vidole, saga, chekecha kwa chekeche yenye matundu ya milimita 0.5, na uhifadhi kwenye chupa ya rangi ya kahawia iliyofungwa barabara.

Pima pia unyevu uliobaki. Weka gramu 2 za unga kwenye kibakuli kilichopimwa uzito, kikae kwenye oveni ya nyuzijoto 105 hadi uzito usibadilike tena, na uandike asilimia iliyopotea. Unga huo uliopita kwenye joto utupwe; hautumiki kupimia flavonoidi.

Kutoa dondoo

Kiyeyushi ninachopendekeza ni ethanoli ya asilimia 70 iliyochanganywa na maji. Sukari zilizoshikamana na flavonoidi huzifanya zipende maji kuliko pale zinapokuwa peke yake, lakini maji matupu huvuta pia protini na utelezi mwingi, na mmumunyo hugeuka mgumu kuchuja. Methanoli ya asilimia 80 nayo hufanya kazi nzuri sana, ila ni sumu, na kama dondoo lenyewe litatumika baadaye kama dawa ni afadhali kutoanza nayo.

Pima gramu 1.000 ya unga kwenye neli ya sentrifuji. Ongeza mililita 20 za kiyeyushi, weka kwenye beseni la ultrasoniki kwa dakika 30, na uangalie maji ya beseni yasizidi nyuzijoto 40, kwani beseni hizo hupata moto zenyewe. Zungusha kwenye sentrifuji, mimina kimiminika kwenye chupa ya ujazo ya mililita 50 kupitia karatasi ya kuchujia, kisha rudia na mililita 20 nyingine. Suuza mabaki kwa kiyeyushi kidogo na ujaze chupa hadi alama. Asiye na beseni la ultrasoniki anaweza kutikisa kwa mashine ya kutikisia kwa saa kadhaa, mradi athibitishe kwamba kinachotoka kinalingana.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Chukua yale mabaki, uyatoe mara ya tatu kando, usichanganye na mengine, na upime. Kama mara ya tatu bado inatoa rangi inayosomeka baada ya kuondoa rangi ya dondoo lenyewe (namna ya kuiondoa inaelezwa kwenye sehemu ya kupima rangi), basi mizunguko miwili haikutosha na utaratibu ubadilishwe kwa sampuli zote, si kwa hiyo moja pekee.

Kutazama kwa sahani kabla ya kupima

Maabara nyingi huruka hatua hii, nami nadhani ni hasara. Weka tone la dondoo kwenye sahani ya silika ya kromatografia ya tabaka jembamba, pembeni weka rutini na asidi ya klorojeniki, na uipandishe kwa mchanganyiko wa ethili asetati, asidi ya fomiki, asidi ya asetiki na maji kwa uwiano wa 100:11:11:26. Ikauke, inyunyizie kitendanishi cha bidhaa asilia chenye difenilborati, kisha itazame gizani chini ya taa ya nanomita 365. Flavonoidi zenye kwersetini huwaka rangi ya chungwa, zenye kemferoli huelekea kijani cha manjano, na asidi ya klorojeniki na ndugu zake hung'aa buluu. Kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo unaona kwa macho yako nini kimo ndani ya chupa, na kama unga ulioletewa ni wa mlonge kweli au umechanganywa na majani mengine.

Kuandaa standadi

Standadi ni mmumunyo wenye kiasi kinachojulikana, wa kulinganishia sampuli; hapa ni wa kwersetini. Kwersetini huuzwa mara nyingi ikiwa imeshikilia molekuli mbili za maji. Ikiwa kavu, uzito wake wa molekuli ni 302.24, ikiwa na maji hayo ni 338.27. Mtu anayepima miligramu 25 za hiyo yenye maji na kuandika kwamba amepata miligramu 25 za kwersetini ameanza na upungufu wa zaidi ya asilimia 10, na kosa hilo litamfuata kwenye kila sampuli bila kujitokeza popote. Ili kupata mikrogramu 1000 kwa mililita katika chupa ya mililita 25, pima miligramu 28.0 za kwersetini yenye maji. Na kama cheti cha muuzaji kinasema usafi ni asilimia 95, pima miligramu 29.5. Yeyusha kwa ethanoli, ikinge na mwanga, kisha ipunguze kwa kiyeyushi cha dondoo ili upate mikrogramu 10, 20, 40, 60, 80 na 100 kwa mililita. Tengeneza upya siku ya kupima.

Kuhusu kloridi ya alumini, tumia ile yenye maji sita na utengeneze mmumunyo wa asilimia 10. Ile kavu kabisa hulipuka moshi wa asidi ya haidrokloriki inapogusana na maji, na haifai kushikwa na mwanafunzi asiye na uangalizi.

Kupima rangi

Katika neli ya majaribio weka mililita 0.5 ya standadi au ya dondoo lililopunguzwa, kisha kwa mpangilio huu: mililita 1.5 za ethanoli ya asilimia 95, mililita 0.1 ya kloridi ya alumini ya asilimia 10, mililita 0.1 ya asetati ya potasiamu ya mola 1 kwa lita, na mililita 2.8 za maji yaliyokenekwa. Jumla ni mililita 5. Changanya, acha dakika 30 kwenye joto la kawaida la chumba, kisha soma kwenye spektrofotomita kwa nanomita 415 ukitumia kyuveti ya sentimita 1. Kila sampuli ifanywe mara tatu. Kama mmumunyo umepata ukungu, usisome. Mashine itahesabu ukungu kana kwamba ni rangi.

Sasa lipo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote. Dondoo la majani mabichi au makavu lina klorofili, na klorofili hufyonza mwanga karibu kabisa na nanomita 415. Kwa hiyo kila sampuli lazima iwe na blanki yake yenyewe: neli ya pili yenye dondoo lilelile kwa kiasi kilekile, na kila kitu kingine, isipokuwa kloridi ya alumini ambayo nafasi yake huchukuliwa na maji. Usomaji wa neli hii huondolewa kwenye usomaji wa neli ya kwanza. Blanki moja ya ethanoli kwa sampuli zote haitoshi.

Tuchukue mfano wa kuhesabu ili uzito wa jambo hili uonekane. Mstari wa standadi umetoa mlinganyo ambapo ufyonzaji ni sawa na 0.0070 mara mkusanyiko, jumlisha 0.004. Dondoo lilipunguzwa mara 5, likasomeka 0.412, na blanki yake ikasomeka 0.118. Tofauti ni 0.294. Toa 0.004, gawa kwa 0.0070, unapata mikrogramu 41.4 kwa mililita. Zidisha kwa 5 ya kupunguza na kwa mililita 50 za chupa, unapata takriban miligramu 10.36 katika gramu moja ya unga. Unga huo ulikuwa na unyevu wa asilimia 8, yaani gramu 0.920 ya kitu kikavu, na hivyo jibu ni miligramu 11.3 za kwersetini linganifu (flavonoidi zote zikihesabiwa kana kwamba ni kwersetini) kwa gramu ya unga mkavu. Hesabu ileile bila kuondoa blanki ya sampuli ingetoa miligramu 15.8. Asilimia 40 ya ziada imezaliwa na ukijani wa jani tu, na mtu angeipeleka sokoni kama sifa ya dawa.

Klorofili ikiwa nyingi kiasi kwamba blanki inasomeka karibu sawa na sampuli, ondoa mafuta na ukijani mwanzoni kwa kuosha unga na heksani ndani ya kabati la kutolea mvuke. Flavonoidi zenye sukari haziyeyuki humo. Hakikisha pia usomaji wa sampuli unaangukia ndani ya mstari wa standadi. Sampuli iliyozidi standadi ya juu kabisa ipunguzwe na kupimwa upya; mstari usirefushwe kwa kalamu.

Kutenganisha kwa HPLC

Njia ya rangi hutoa jumla, na hata jumla hiyo ni ya makadirio, kwa sababu flavonoidi iliyoshikilia sukari kwenye kaboni ya 3 haishikamani na alumini sawasawa na kwersetini iliyo huru. Anayetaka kujua kiasi cha kila kiambato hana njia ila kutumia HPLC, yaani kromatografia ya kimiminika kwa shinikizo kubwa.

Kuna njia mbili za kuitumia. Ya kwanza ni kupima flavonoidi kama zilivyo, na inahitaji standadi ya kila moja, ambazo ni ghali na baadhi, hasa zile zenye malonili (kipande cha asidi ya maloniki kilichoshikamana na sukari) zilizo nyingi katika mlonge, hazipatikani kirahisi. Ya pili, ambayo kwa maabara zetu naiona inafaa zaidi, ni kukata sukari kwa asidi kisha kupima viini viwili tu, kwersetini na kemferoli. Chukua gramu 0.5 ya unga, ongeza mililita 40 za methanoli ya asilimia 62.5 yenye gramu 2 kwa lita za kizuia uoksidishaji kiitwacho TBHQ, ongeza mililita 10 za asidi ya haidrokloriki ya mola 6 kwa lita, na uchemshe kwa kipozeo cha kurudisha mvuke kwenye nyuzijoto 90 kwa saa 2. Ipoe, jaza kwa methanoli hadi mililita 100, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45. Muda wa saa 2 uhakikiwe kwa mmea wako kwa kujaribu na muda mfupi na mrefu zaidi, kwani sukari isiyokatika hupunguza jibu, na kuchemsha kupita kiasi huharibu kwersetini.

Safu ya C18 (bomba lililojazwa silika yenye minyororo ya kaboni 18) yenye urefu wa milimita 250 na kipenyo cha milimita 4.6 inatosha. Sukuma maji yenye asidi ya fomiki ya asilimia 0.1 pamoja na asetonitrili, ukiongeza asetonitrili kidogo kidogo, kwa kasi ya mililita 1 kwa dakika, na usome kwenye nanomita 370. Kwersetini hutoka kwanza, kemferoli hufuata. Kabla ya sampuli, ingiza standadi moja mara sita mfululizo. Eneo la vilele likitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, tafuta tatizo kwanza.

Nitahadharishe hapa kuhusu namba ya 2.51. Hiyo ni ya mti wa ginkgo, ambapo jumla ya viini huzidishwa hivyo ili kukadiria flavonoli zenye sukari, kwa sababu sukari za ginkgo zina uzito unaojulikana. Mlonge una mpangilio mwingine wa sukari. Kwersetini yenye glukosi moja ina uzito wa molekuli wa 464.38, na kizidishio chake ni karibu 1.54 tu. Bora uripoti viini vyenyewe, bila kuzidisha.

Kujiridhisha na kuripoti

Mstari wa standadi uwe na angalau mikusanyiko mitano. Kisha chukua unga ambao umeshaupima, uongeze kiasi kinachojulikana cha kwersetini kabla ya kutoa dondoo, kwa viwango vitatu, kila kimoja mara tatu, na uangalie ni asilimia ngapi ya ulichoongeza imerudi. Ikirudi kati ya 90 na 110 unaweza kuendelea. Ikirudi kidogo, kuna inayopotea kwenye mabaki au inayoharibika njiani. Ikizidi, kuna kitu kingine kinachosomeka pamoja nayo.

Ripoti ya mfano wetu iandikwe hivi: majani ya Moringa oleifera, namba ya kielelezo cha hebaria, mahali na tarehe ya kuchuma, yaliyokaushwa kwa nyuzijoto 40, flavonoidi zinazoshikamana na alumini, miligramu 11.3 za kwersetini linganifu kwa gramu ya unga mkavu, pamoja na mkengeuko wa vipimo vitatu. Ethanoli ya asilimia 70, nanomita 415, blanki ya kila sampuli imeondolewa. Mzalishaji anayepokea cheti kisicho na maelezo haya ana haki ya kuyadai kutoka maabara iliyompimia, na abaki na sehemu ya unga uleule, imefungwa na kuwekwa gizani, ili kipimo kiweze kurudiwa mahali pengine pakitokea shaka.